Bingo, Kura na Koti la Dalton

Bi Leona Strack alingoja mpaka kichwa chake kijae povu kwenye sinki la saluni, pahali ambapo Verena, msusi wake, hawezi kumkimbia, ndipo akaanza.

"Dalton wako hajambo?"

"Hajambo."

"Nilimwona jana Paris."

Paris hiyo ni ya kwao Arkansas, mji mdogo ng'ambo ya vilima, na Verena alijua Dalton alifuata nini huko. Au alidhani anajua.

"Alikwenda kusimika mabango ya kura," alisema, akizidi kusugua.

"Mabango sikuyaona. Niliona pai ya njugu, sahani moja, uma mbili."

Vidole vya Verena vilisimama katikati ya povu. Maji yaliendelea kutiririka kwenye sinki.

"Alikuwa na nani?"

"Ah, mimi simjui, usinitie kwenye maneno. Yule dada wa Little Rock, mwenye nywele fupi kama za mvulana. Hivi anazikata wapi zile? Maana kwako hajawahi kuja." Bi Leona akafumba macho kwa raha. "Maji yamekuwa ya moto, mwanangu. Unaniunguza."

Verena Etzkorn hakuwa mtu wa wivu, au ndivyo alivyokuwa akijisifu. Alikuwa na saluni yake, alikuwa na akili yake, na kwa miaka mitatu alikuwa na Dalton Haskew, mchomelea vyuma mwenye mabega mapana na sauti ya kumfanya mtu asahau alichotaka kusema. Walikutana kwenye bingo, ule mchezo wa bahati wa kadi na namba, katika ukumbi wa Kanisa Katoliki la Mtakatifu Walburga. Dalton, mtoto wa shemasi wa Kibaptisti, alikuwa ameingia kwa kificho na kukaa meza ya nyuma, kofia imeshuka mpaka machoni. Msoma namba wa siku hiyo akashikwa na kikohozi, mtu akamsukumia Dalton maikrofoni, naye akaita, "B, kumi na mbili." Verena alikuwa nayo B kumi na mbili kwenye kadi yake. Hakuiweka alama. Alikuwa anamtazama.

Halafu sherifu akaja siku moja, kofia mkononi kwa haya, akasema katiba ya jimbo hairuhusu mchezo ule hata ukiwa wa kanisa, hata faida yote ikienda kwenye gari la wagonjwa la mji. Bingo ikafungwa. Gari la wagonjwa likabaki na tairi zilizokwisha, na waliolihudumia kwa kujitolea wakawa wanachangishana mafuta. Sasa, Jumanne inayokuja, jimbo zima lingepiga kura kuamua kama makanisa na vyama vya hisani viruhusiwe bingo tena. Corinne Vance alitumwa kutoka Little Rock, mji mkuu wa jimbo, kuhimiza kura za Ndiyo, na Dalton ndiye aliyepewa kazi ya kumzungusha, kwa sababu hakuna shamba asilolijua. Mzee Orval, baba yake, ambaye ndiye aliyeongoza watu wa Hapana, alidhani mwanawe anazunguka kuchomelea watu mageti.

Verena ndiye aliyemshauri Dalton aikubali kazi hiyo. Hilo ndilo lililomuuma kuliko pai.

*

Jumamosi jioni ukumbi ulifurika. Kulikuwa na karamu ya kambare wa kukaanga, ya mwisho kabla ya kura, na Verena alisimama nyuma ya meza ya chakula, kijiko kikubwa mkononi, kando ya Shangazi Hedwig.

"Punguza chumvi," Shangazi alimwambia.

"Sijatia chumvi."

"Basi uso wako ndio unaotoa. Watu wanaogopa kuomba nyongeza."

"Dalton na yule wa Little Rock wataingia pamoja, utaona."

"Wakiingia pamoja si wamekuja pamoja? Walitakiwa wapande punda wawili?"

Waliingia pamoja. Corinne mbele, anacheka, mashavu mekundu kwa baridi ya Novemba. Dalton nyuma yake, akimshikia mlango. Na begani kwa Corinne, limening'inia kama limezoea, kulikuwa na koti la jinzi lenye kola ya manyoya. Verena alilijua lile koti. Alilinunua yeye, akalifunga kwa karatasi ya Krismasi yeye, na kifungo cha tatu alikishona yeye.

"Shangazi," alisema taratibu, "nishikie kijiko."

"Sikishiki. Kishike mwenyewe, kikuzuie."

Corinne alifika mezani na sahani yake. "Harufu nzuri jamani! Nimeshinda na njaa tangu asubuhi."

"Karibu, dada," Verena alisema. "Kuna kambare, saladi ya kabichi, mkate wa mahindi. Hapa kwetu kila kitu mtu anaomba, anapewa. Vya kujichukulia hatuna."

Corinne alicheka, hakujua kama amechomwa au amekaribishwa. "Wewe ndiye Verena! Dalton hakomi kukutaja."

"Ananitaja? Vizuri. Basi jina langu unalijua. Koti zuri hilo."

"Ah, hili? Ni lake. Langu nimelisahau hotelini."

"Hotelini."

"Kule Paris, ndipo nimefikia."

"Pole. Lazima kuna baridi kali kwenye hoteli hiyo, mpaka watu wanavaana makoti."

"Vee," Dalton alisema kwa sauti ya chini.

"Nimefanya nini? Nagawa samaki." Akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aingie. Alikuwa amechoka, macho yamemwingia ndani, na bado alikuwa mzuri. Hilo nalo lilimkera. "Wewe nikuwekee, au mnakula sahani moja?"

Uso wa Dalton uliiva mpaka masikioni. Verena alimfahamu mtu wake. Asiye na kitu moyoni angecheka.

Corinne aliweka sahani chini. Hakuwa mjinga. Akalivua koti, akamrudishia Dalton, lakini alipokuwa akimpa, mkono wake uligusa kola ya shati lake, ukainyoosha. Ni kitu kidogo. Ni kitu ambacho mwanamke anafanya kwa mwanamume aliyemzoea, bila hata kufikiri. Kisha akapanda jukwaani, akagonga maikrofoni, akasema kwamba leo hatahutubia yeye, atahutubia mmoja wao, ambaye kwa majuma mengi amefanya kazi kimya kimya.

"Dalton, njoo!"

Watu wakapiga makofi. Verena akakiacha kijiko kwenye saladi, akatoka kwa mlango wa jikoni.

Nje giza lilikuwa linaanza kuingia. Ng'ambo ya barabara, kwenye nyasi, walisimama watu kama kumi na tano wa Kanisa la Kibaptisti, wamevaa makoti mazito, wameshika mabango yaliyoandikwa HAPANA. Hawakupiga kelele, walikuwa wanaimba tenzi. Mzee Orval Haskew alikuwa mbele, mrefu, amenyooka, bila kofia. Mtu huyu alisema, siku ya kwanza tu, kwamba Mkatoliki hatakalia meza yake, na tangu siku hiyo kila Verena alipomuuliza Dalton, "Lini?" jibu lilikuwa moja: "Nipe muda."

Alivuka barabara. Hakuwa amepanga neno.

"Mzee Haskew, shikamoo."

"Marahaba, binti Etzkorn." Hakuwahi kumwita Verena. "Naona leo mmejaa."

"Tumejaa kweli. Mpaka Wabaptisti wamekuja."

"Mle ndani hakuna Mbaptisti."

"Yuko mmoja. Ndiye aliyeshika maikrofoni sasa hivi."

Aliona jinsi maneno yalivyomwingia mzee, taratibu, kama maji yanavyoingia ardhini. Mzee hakuuliza ni nani. Akampa bango mtu aliyekuwa jirani yake, akavuka barabara, na Verena akabaki kwenye nyasi, anataka kumwita arudi na hajui atamwambia nini.

Alipomfuata ndani, Dalton alikuwa anazungumza.

"... siku ile moyo wa mama ulipogoma, sisi tuko shambani, simu imepigwa, mimi nahesabu pumzi zake. Na gari likaja. Nimekaa nyuma mle, nimeshika mkono wake, nikaangalia ukutani, kuna kibao kidogo: Limenunuliwa na wachezaji wa bingo wa Mtakatifu Walburga. Mpaka leo mama..."

Amemwona baba yake mlangoni.

Ukumbi mzima uligeuka.

"Endelea," Mzee Orval alisema. "Si unamsema mke wangu? Endelea, nisikie."

"Baba, nilitaka kukwambia mwenyewe."

"Lini?"

Neno lile lile. Verena alilihisi likimpiga yeye kifuani.

"Mama alibebwa na gari gani, baba?" Dalton aliuliza. Sauti yake haikupanda.

"Nilimshukuru Mungu siku ile. Nilipiga magoti."

"Na mimi nilipiga magoti. Lakini mafuta ya gari yalilipwa na hawa vikongwe unaowaita wacheza kamari. Bi Leona huyu. Shangazi Hedwig yule. Tungemwambia mama angoje gari lisilo na dhambi?"

Kuna mtu aliyemeza kicheko. Mzee Orval alipozungumza, hakuwa na hasira tena. Alikuwa ameumia, na ilikuwa vibaya zaidi.

"Una haki ya kupiga kura unavyotaka. Huna haki ya kuniangalia machoni kila asubuhi ukanidanganya. Pikapu ni ya shamba. Chumba unacholala ni cha shamba. Nipe funguo."

Dalton alishuka jukwaani, akamwekea funguo kiganjani. "Nani aliyekwambia?"

Mzee alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwa Verena. Hakugeuza hata shingo.

"Hilo si lako," akasema, akatoka.

*

Verena alimkuta Dalton nyuma ya ukumbi, ameegemea ukuta, koti mkononi, hajalivaa.

"Ni mimi," Verena alisema.

"Wewe nini?"

"Niliyemwambia."

Dalton alimtazama kana kwamba amezungumza lugha ngeni. "Vee. Kwa sababu ya koti?"

"Kwa sababu ya koti. Kwa sababu ya pai. Kwa sababu mimi naambiwa 'nipe muda' miaka mitatu, halafu anakuja mtu kutoka Little Rock, anapewa muda wote!"

"Hakuna kilichotokea kati yangu na yeye. Naapa."

"Sikukuuliza kilichotokea. Nakuuliza ulichotaka."

Ndani walikuwa wanakusanya viti, vilisikika vikigongana. Verena aliomba kimoyomoyo aseme haraka, aseme chochote, adanganye hata. Dalton akaligeuza-geuza koti mkononi.

"Ameniomba niende Little Rock kura ikiisha," alisema mwishowe. "Kuna kazi. Na si kazi tu. Amesema wazi."

"Ukamjibu nini?"

"Sijamjibu."

"Anavyo vyote, Dalton! Ana elimu, ana gari, ana kwao kwingine kwa kurudi. Mimi nilikuwa na wewe tu." Machozi yalimjia na akayachukia. "Huwezi hata kumkatalia kwa heshima yangu?"

"Na wewe hukuweza kunivuta kando ukaniuliza? Umenitupa mbele ya baba yangu kama... Sina hata kitanda usiku huu, Verena."

Alimwita Verena. Hakumwita Vee.

Gari dogo jeupe lilizunguka ukumbi, taa zake zikawamulika. Corinne alishusha kioo, akawatazama kwa zamu. "Dalton," alisema kwa upole, "unahitaji lifti?"

Hakukuwa na gari jingine. Pikapu imechukuliwa, na aliyeifanya ichukuliwe ni nani? Dalton alifungua mlango, akaingia. Verena alisimama pale akiziangalia taa nyekundu zikipanda kilima kuelekea Paris, na mawazo yake yakatangulia mbele ya lile gari, yakafika hotelini kabla yao, yakafungua mlango, yakawasha taa.

Yakakaa humo Jumapili yote na Jumatatu yote. Alimwona Corinne kwenye kila kioo cha saluni yake. Alikata nywele za watu fupi kuliko walivyoomba, na hakuna aliyethubutu kulalamika.

*

Jumanne kulikuwa na manyunyu. Watu walipigia kura kituo cha zimamoto, na foleni ilifika nje. Verena alipewa karatasi yake, akaingia kwenye kibanda, akajisogezea kipazia.

Hoja ya bingo ilikuwa chini kabisa. Akaisoma. Kwa Ndiyo, Corinne Vance angerudi Little Rock akipigiwa makofi, pengine akiwa na abiria kiti cha mbele. Kwa Hapana, angerudi ameinamisha kichwa. Kalamu ilikwenda kwenye Hapana yenyewe, ikasimama juu ya kile kiduara, na Verena aliona utamu wake, utamu halisi, mdomoni. Kumwangusha kidogo. Japo kwa kura moja.

Nje, gari la wagonjwa lilikuwa limetolewa kupisha wapiga kura, limeegeshwa kwenye mvua. Alikuwa amepita kando yake alipokuja. Alimkumbuka mama yake Dalton, mwanamke ambaye hajawahi kumwambia neno baya, aliyewahi kumtumia chupa ya jemu kwa siri. Akahamisha kalamu. Aliweka Ndiyo akiwa na hasira vile vile. Haikupungua hata chembe.

Alipotoka, gari la Shangazi Hedwig lilikuwa linaegeshwa, na mlango wa abiria ukafunguliwa, akashuka Dalton.

Verena alisahau hata kufungua mwavuli. "Umetoka wapi?"

"Kwangu," Shangazi alijibu, akijitoa kwenye usukani kwa tabu. "Yuko kwangu tangu Jumamosi. Anakula kama trekta."

"Tangu Jumamosi? Na hukuniambia!"

"Hukuniuliza. Wewe nawe hukuniambia kama ulimchongea kwa baba yake. Nikadhani tunashindana kunyamaza." Akawapita, akaingia kwenye foleni, akiwaacha mvuani.

"Corinne alinifikisha kwa Shangazi, akaenda zake," Dalton alisema. "Jumapili nikampigia. Nikamwambia hapana."

"Kwa nini Jumapili? Kwa nini si siku ile ile ya pai?"

Alifikiri. Hilo Verena alilipenda kwake siku zote, kwamba haoni haya kufikiri. "Nilipenda anavyonitazama. Kama mtu mzima, si mtoto wa mtu. Sitakudanganya. Lakini nikampenda? Hapana."

"Mimi nakutazamaje?"

"Kama mtu anayengoja jibu. Kila siku, Vee. Na mimi kila siku nikiona aibu, natafuta pa kuangalia kwingine."

Ilimuuma, kwa sababu ilikuwa kweli. Akafuta mvua usoni, au chochote kilichokuwa usoni.

"Basi nimechoka kungoja. Nakuuliza mimi, hapa hapa. Unanioa au hunioi? Usiniambie nikupe muda, nitakupiga na mwavuli huu."

"Nakuoa."

"Sina hakika kama nimekusamehe."

"Hata mimi bado."

"Sawa," alisema. Na mikono yake ilikuwa tayari imekwishashika mbele ya shati la Dalton lililolowa, bila yeye kuiamuru.

Kuna mtu alikohoa. Mzee Orval alikuwa ametoka kupiga kura, amesimama chini ya paa la kituo, na kwa vyovyote alikuwa amesikia. Aliwatazama wote wawili. Verena hakuondoa mikono.

"Ndoa mtafungia wapi?" mzee aliuliza.

"Mtakatifu Walburga," Verena alijibu. "Asante kwa siku ile, mzee. Hukunitaja."

"Sikuwa nakulinda. Nilikuwa na haya ya kuambiwa habari za mwanangu na mtu wa nje." Akavaa kofia, akaiweka sawa. "Kutakuwa na bia?"

"Kutakuwa na bia, baba," Dalton alisema.

"Basi siwezi kuingia." Alishuka ngazi moja, akasita. "Nitasimama mlangoni. Kutoka mlangoni mtu anaona vizuri tu. Mama yako ataingia, mimi simzuii."

Akaondoka kwenye mvua, amenyooka vile vile. Dalton alimfuata kwa macho mpaka pikapu ilipopotea, na Verena alimwacha amtazame.

Jioni ile hoja ilipita, tena kwa wingi ambao hata watu wa Ndiyo hawakuuota. Bi Leona alilia hadharani, na kadi za bingo zilishushwa darini zikapanguswa vumbi. Lakini hayo yalikuwa ya jioni. Mchana ule Dalton aliingia kupiga kura yake, na Verena akamngojea mlangoni. Alipomaliza, msichana wa mezani, mdogo, mwenye meno mazuri, alibandua stika ya NIMEPIGA KURA na badala ya kumpa mkononi akambandikia mwenyewe kifuani, akaipapasa mara mbili ikae vizuri, huku akitabasamu.

Dalton alipotoka, Verena aliibandua ile stika, akaisogeza upande wa pili, juu ya moyo, akaibandika yeye. Akaipiga kwa kiganja.

"Aa!" Dalton alisema.

"Ilikuwa imekaa upande," Verena alisema, akamshika mkono.